Sura ya Tisa: Mkono Uliopokea Sanduku

Ghassan, msafirishaji wa mizigo, alikuwa amekwisha kuhojiwa mara mbili, na mara zote mbili alisema maneno yale yale kwa sauti ile ile, kama mtoto wa chuoni anayesoma sura aliyoihifadhi bila kujua maana yake. Sanduku la mashine ya oksijeni alilitoa Mombasa kwa lori mpaka Mokowe, akalipakia botini mpaka Chundwa, akamkabidhi mwenyekiti wa kamati ya kijiji, Bi Umulkheir, mama akatia sahihi, yeye akageuza boti akarudi zake. Basi. Inspekta Nadra alimwacha aseme yote hayo kwa mara ya tatu, pale kwenye ghala la mizigo la Mokowe, huku akinywa kahawa ya tangawizi iliyokuwa kali kuliko alivyoitarajia. Kisha akamuuliza swali ambalo halikuwamo kwenye faili.

"Ulijuaje kuwa ndiye?"

Ghassan alimtazama kama mtu aliyeulizwa anajuaje kuwa bahari ina chumvi. "Mie nilimuuliza, 'Wewe ndiwe Bi Umulkheir?' Akasema, 'Ndimi.' Sasa ningefanyaje, Inspekta, nimdai cheti cha kuzaliwa?"

"Uso wake uliuona?"

"Uso gani? Zile zilikuwa siku za korona. Mama ana buibui, ana nikabu, na juu ya nikabu kavaa barakoa. Niliona macho."

"Macho tu?"

"Macho na mikono. Mikono niliiona vizuri kwa sababu ya ile dawa."

Nadra aliweka kikombe chini. "Dawa gani?"

"Sanitaiza. Tajiri wetu alikuwa ametuamrisha, kabla hujampa mtu kalamu umtilie dawa mikononi. Basi yule mama akavua glovu, akakunjua viganja, nikamtilia. Hina tupu, Inspekta. Hina iliyoiva vizuri, na ncha za vidole zimepakwa piko nyeusi. Hata nikamtania, nikamwambia, bibi harusi mzima leo umetumwa mzigo? Hakunijibu. Aliinama tu."

"Haya mbona hukuwaambia wenzangu?"

"Hawakuniuliza habari za mikono. Waliniuliza habari za sanduku."

Nadra akamuuliza na habari za sanduku, asije akalaumiwa. Lilikuwa kubwa, mtu mmoja hawezi kulibeba akatembea nalo mbali. Ndani mashine ilibanwa na lile boya jeupe, jepesi, linalochongwa kwa umbo la kitu ili kisigongwe. Ghassan alilijua kwa sababu polisi wa kizuizi cha barabara walilifungua njiani. Pale Chundwa saa za kafyu zilikuwa zimekaribia na bandari ilikuwa tupu. Alikuwapo mwanamume mmoja tu, kasimama kwa mbali akiwa na mkokoteni wa punda, wala hakusogea mpaka boti ilipoondoka.

Nadra alikuwa na maradhi yasiyo na tiba, nayo ni udadisi. Mama yake, kule Mkomani, alikuwa akisema kuwa mtoto huyu alipozaliwa hakulia, aliangalia huku na huku kwanza. Kesi yenyewe wakubwa wake waliiona imekwisha. Wakati wa korona serikali ilitoa ruzuku kwa vijiji vijisaidie vyenyewe, na kamati ya Chundwa ilifanya vizuri kuliko wengi. Akina mama walishona barakoa, matangi ya kunawia yakawekwa misikitini na sokoni, sabuni ikagawiwa nyumba kwa nyumba. Kitu kimoja tu hakikuonekana, nacho ndicho kilichokuwa na thamani kuliko vyote: ile mashine ya kumpa hewa mgonjwa aliyeshindwa kupumua. Zahanati haikuiona. Karatasi ya kuipokea ililowa maji ya chumvi, sahihi yake haisomeki. Likabaki neno la Ghassan, na Ghassan alisema Bi Umulkheir. Mkuu wa Nadra alikuwa ametoa amri: Ijumaa, mama huyo aletwe Lamu asomewe mashtaka. Na leo ilikuwa Jumatano.

"Hina," Nadra alimwambia Sajini Shuaib walipokuwa kwenye boti ya kwenda Faza. "Yule mama alikuwa na hina."

Shuaib, mtu wa Garsen, mpole, msomaji wa vitabu vya dini, ndiye aliyeifanya kazi ya mwanzo ya kesi hii. Alikuna ndevu. "Na Bi Umulkheir alikuwa ndani ya eda. Mumewe alikuwa amekufa kwa korona hiyo hiyo. Nililiandika hilo, Inspekta, na shemeji yake alilisema. Lakini eda haikuwa ushahidi. Mjane ana ruhusa ya kutoka kwa dharura, na mashine ya kuokoa roho za watu ni dharura kuliko zote. Mkuu aliniuliza kama nina hakika hakutoka. Ningejibu nini?"

"Ulijibu sawa. Anaweza kutoka kwa dharura. Sasa niambie, dharura gani inayomfanya mjane ajipake hina?"

Shuaib aliacha kukuna ndevu. Manukato, wanja, hina, mapambo yote ni haramu kwa mwanamke aliye edani, na hilo alilijua tangu utotoni. Alisoma masharti ya kutoka, akasahau masharti ya mikono. Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyejikwaa mlangoni kwake.

"Huenda alimtuma binti yake," alisema baadaye. "Sundus. Msichana, hina si ajabu kwake."

Nadra aliona kuwa hilo lina mantiki, na wazo hilo likampunguzia furaha. Kama ni binti, basi mama bado alikuwa na lake jambo.

Kutoka Faza walipanda bodaboda mpaka Chundwa. Bi Umulkheir aliwapokea uani, akipepeta mchele. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Nyuma yake, ukutani, zilikuwa zimefunikwa sufuria zile kubwa za pilau ambazo kila arusi ya Chundwa ilikuwa ikija kuziazima. Vumbi limezikalia.

"Hawaziyii tena," alisema alipoona Nadra anazitazama. "Wasema chakula kikipikwa humo ni haramu. Yina langu limetiwa tope, mwanangu, na sufuria zimelifuata."

"Bi Umulkheir, nataka kukuuliza la Sundus. Siku zile alikuwa wapi?"

"Mombasa, chuoni. Ndia zilifungwa, hakupata kuya hata kumzika babake." Aliacha kupepeta. "Babake kazikwa na watu wanne waliovaa kama watu wa angani. Mimi nilisikia dua kwa simu."

Shuaib alitikisa kichwa taratibu. Ghassan mwenyewe alisema siku zile mizigo ilipita, watu hawakupita. Hilo lingeweza kuthibitishwa chuoni kwa simu moja, naye akatoka nje kupiga. Aliporudi alimwonyesha Nadra kwa macho kuwa ni kweli. Njia ya Sundus ikafungwa, na Nadra akahisi moyo umemrudi mahali pake.

"Na wewe hukutoka?"

"Sikutoka nde. Mashine ile mimi ndiye niliyeipigania, mwanangu. Wenzangu kamatini walitaka mahema na viti. Nikawaambia, mume wangu alikufa huku akiitafuta pumzi kama samaki nchi kavu, hapana mwanamke mwengine wa Chundwa atakayeona hayo. Nilipoingia edani nilimwatia katibu kazi zote za nde. Akaniambia, 'Tulia, Mama, mzigo ukifika utajua.' Haukufika."

"Katibu ni nani?"

"Zaki. Kijana mwema. Hata sasa ndiye anisalimuye. Mkewe huniletea mkate wa mofa."

Nadra hakuandika. Alikuwa na desturi ya kutoandika jambo likimgusa, maana watu wakiona kalamu inakimbia nao hukimbia. Aliuliza mambo mawili matatu ya juu juu, akabusu mkono wa mama yule, wakatoka.

"Habari za kufika boti walizijua watu wawili," Shuaib alisema njiani. "Mwenyekiti na katibu."

"Na katibu hana mikono ya kike. Tumtafute aliyempaka mtu hina."

Mpakaji hina wa Chundwa ni mmoja, Bi Barka, somo aliyewafunda maharusi wote wa pale tangu enzi za mama zao. Nadra aliingia ndani, Shuaib akabaki barazani, kama ilivyo ada. Bi Barka alikuwa ameketi mkekani akichekecha unga wa hina, na aliposikia kuwa mgeni ni polisi mkono ukasimama.

"Nimekuja kwa habari za miaka ile ya korona," Nadra alianza. "Nasikia serikali ilikataza arusi."

"Ilikataza, na sisi tulitii," alisema Bi Barka kwa haraka ya kutia shaka. "Mimi kwa mwaka mzima sikumshika bibi harusi. Hina yangu iliota ukungu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Kuna mtu ananiambia ilikuwako arusi hapa."

Alisema hivyo bila kuambiwa na mtu. Bi Barka aliweka chekeche chini, akajipangusa mikono, na hofu ya kushtakiwa ikamfanya aanze kujitetea kabla ya kushtakiwa.

"Mwanangu, usiwasikilize watu. Ile haikuwa arusi. Hapakuwa na ngoma wala kesha, hapakupikwa hata sufuria moja. Ilikuwa nikaha tu, watu wa nyumbani, na mlango tumeufunga. Msichana kaletwa kutoka Kiunga kwa boti ya samaki, kwao kumejaa maradhi. Nimuwate aingie kwa mumewe mikono mitupu kama mwanamke wa kuazimwa? Nilimpaka, ndiyo. Nilimpaka vizuri. Kama ni kosa, nishike."

"Sikushiki, Bi Barka. Ulimpaka na piko?"

"Nta za vidole," alisema, akionyesha ncha za vidole vyake. " Ni desturi."

"Na mwanamume ni nani?"

Bi Barka alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani huyo mtu wako hakukwambia? Ni Zaki."

Nadra aliposimama, miguu ilimwasha kwa furaha ile anayoijua kila mtu aliyewahi kukifungua kifundo cha kamba kilichomshinda. Alijizuia asitabasamu. Kisha akakumbuka mkate wa mofa anaoletewa Bi Umulkheir, na ile furaha ikapungua, kwa sababu hakujua bado mikono inayoupika ni ya mwizi au ya nani.

Adhana ya alasiri iliwakuta njiani. Nadra alisimama. "Zaki atakwenda msikitini. Nenda ukaswali naye. Ukimaliza, mshike kwa maneno."

"Maneno gani?"

"Muulize habari za fikihi. Wewe hukosi neno."

Nyumba ya Zaki ilikuwa mpya kuliko za jirani, bati lake bado linang'aa. Nadra alipiga hodi, akakaribishwa na sauti changa ya kike. Nasreen, mkewe Zaki, alikuwa mwembamba, mtoto wa kike mgongoni, na aliposikia mgeni katoka Lamu alikimbilia kuandaa chai bila kuuliza amefuata nini. Mikono yake leo ilikuwa haina kitu. Nadra alizungusha macho ukumbini kama mgeni yeyote. Kwenye pembe ulikuwako mtungi wa maji, na chini ya mtungi, badala ya kigoda, palikuwa na kipande cha boya jeupe kilichochongwa kwa ndani umbo la kitu chenye pembe nne.

"Kigoda kizuri," alisema. "Chepesi hicho, na mtungi hausogei."

"Zaki alitaka kukitupa, mimi nikamzuia," Nasreen alicheka. "Mtungi umekaa kama ulipimwa."

"Kilikuja na nini?"

"Sanduku fulani. Zamani, nilipokuwa bibi harusi."

Nadra alipokea chai. Hakuwa na haja ya kumtega msichana huyu, na alijua hilo kama mtu anavyojua kuwa mshipi huu hauna samaki. Akaamua kumuuliza wazi.

"Nasreen, wewe ndiwe uliyelipokea bandarini?"

"Ndimi." Alijibu bila kusita. Kisha akaona aibu kidogo, akainamisha kichwa. "Nilisema uwongo siku ile, dada, lakini ulikuwa uwongo wa sitara. Zaki aliniambia Bi Umulkheir yuko edani, kutoka hawezi, na yule mwenye boti ana amri amkabidhi yeye mwenyewe, la sivyo arudi nalo. Akanambia, ukijifunika huna tofauti, sema wewe ndiye, tumsitiri mjane wa watu. Mimi nilikuwa mgeni hapa. Nilifurahi kuwa nina la kumfaa mtu."

"Na mikono?"

"Zaki alinipa glovu, barabara nzima akinambia nizivae. Bandarini yule mtu akaniambia nizivue anitilie dawa. Hina ningeificha wapi?" Alikunjua viganja vyake vitupu, akavitazama. "Kwani kuna ubaya?"

"Unajua Bi Umulkheir anashtakiwa kwa nini?"

"Kwa pesa za korona. Wote wasema kala pesa. Mimi siamini. Kila Ijumaa humpelekea mkate, na Zaki mwenyewe huniambia mpelekee."

Hapo ndipo Nadra alipoelewa kwa nini miaka yote hiyo msichana huyu hakufungua mdomo. Kijiji kilisema pesa, kwa kuwa neno hilo ni rahisi kulitamka, na aliyepokea sanduku hakuona kuwa linamhusu. Zaki hakuwa na haja ya kumfunga mkewe mdomo. Aliwaachia jirani zake wafanye kazi hiyo.

"Si pesa, Nasreen. Ni sanduku lile. Keshokutwa anapelekwa mahakamani kwa sababu mwenye boti ameapa kuwa alimpa yeye."

Msichana alikaa kitako sakafuni, polepole, na mtoto mgongoni akalalama. Kikombe alikuwa amekishika bado. "Zaki alinambia mle mna jiko la gesi la zahanati. Lililala hapa, kisha likaondoka kwa boti ya watu wa Kiunga. Akasema limepelekwa kunakotakikana. Lilikuwa na nini?"

Nadra alitamani asimjibu. Lakini aliuliza watu maisha yake yote, akaona si haki kumnyima huyu jibu moja.

"Mashine ya hewa. Mgonjwa akishindwa kuvuta pumzi, inamsaidia."

Nasreen hakulia. Alitazama kitanda cha kamba kilichokuwa upande wa pili wa ukumbi, kitupu, godoro limekunjwa.

"Mama mkwe alilala pale," alisema. "Mwezi uliofuata. Mama yake Zaki. Alinishika mkono huu, akawa anaomba hewa kama unavyomuomba mtu maji. Zaki alikimbia mpaka zahanati, akarudi. Wakamwambia hakuna mashine. Akaniambia hivyo mwenyewe, hapo mlangoni: hakuna mashine." Aliweka kikombe chini. "Mama alipokata roho, Zaki alilia sana. Nilimfuta machozi kwa hii mikono. Dada, alikuwa akilia nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu aishike kesi hii, Nadra hakutaka kujua zaidi. Aliweka chai chini. Sheria haimlazimishi mke kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, na ingawa Ijumaa ilikuwa inakuja mbio, alilazimika kumwambia.

"Huna lazima ya kusema lolote mbele ya hakimu. Yeye ni mumeo. Nitatafuta njia nyingine."

"Iko?"

"Ndefu. Haitafika Ijumaa."

Nasreen alimfungua mtoto mgongoni, akamlaza kwenye godoro lile lililokunjwa. Akaenda kwenye mtungi, akauinua kwa mikono miwili, maji yakamwagikia miguu, akauweka sakafuni. Alilichukua lile boya jeupe akalipangusa kwa leso yake, akampa Nadra.

"Muite huyo mwenye boti," alisema. "Aje anitazame macho na asikie sauti yangu. Nami nitamwambia alichonitania, maana hapana mwengine aliyekisikia. Kisha nipeleke kwa Bi Umulkheir kabla ya polisi wengine. Nataka aujue ukweli kutoka kwangu."

Nje, nyayo za wanaume wawili zilisikika zikija, na sauti ya Shuaib iliyokuwa juu kuliko kawaida yake, ikijadili kwa bidii hukumu ya mtu aliyechelewa rakaa. Zikasimama mlangoni. Zaki alikuwa ameviona viatu vya mgeni wa kike kizingitini, na kwa adabu aliyolelewa nayo na mama yake, hakuingia nyumbani kwake bila ruhusa.

"Hodi," aliita.

Nasreen alikuwa akitandika leso juu ya mtoto. Hakugeuka.

"Hodi wenyewe," Zaki aliita tena, kwa sauti ya uchangamfu. "Mna mgeni?"

Nadra alimtazama msichana, akasubiri. Siku zote katika nyumba ile jibu la hodi lilikuwa moja, na lilitoka kwa mtu mmoja.

"Mfungulie wewe, dada," alisema Nasreen. "Mimi karibu yangu imekwisha."